Shangazi, mchezaji wangu asema Liyongo haruhusiwi mezani kwetu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkazi wa Umoja hapa Nairobi. Kila Jumamosi alasiri wenzangu watano huja kwangu tukacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa karatasi, kalamu na dadu za pande nyingi. Mimi ndiye mwendesha mchezo. Nasimulia dunia, naigiza wafalme, wachuuzi na majoka, nao kila mmoja ana mhusika wake. Tunatumia toleo la tano, na dunia tuliyoichagua ni Forgotten Realms, zaidi ile pwani ya magharibi ya bara la Faerûn. Kusema kweli, alasiri hiyo ndiyo hunipa nguvu ya kurudi kazini Jumatatu.

Tatizo langu ni rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye shule ya upili. Dunia hii anaijua kunishinda mbali. Amesoma riwaya zake nyingi alizonunua kwa wauza vitabu kuukuu wa katikati ya jiji, na kile ambacho hakukipata kitabuni amekisoma kwenye wiki ya mashabiki, ile tovuti ya maelezo wanayoiandika mashabiki wenyewe. Mwanzoni tulimfurahia sana. Nikisahau jina la mto au la ukoo fulani, yeye ndiye wa kunikumbusha. Lakini siku hizi siwezi kumaliza sentensi. Majuzi wahusika wetu waliingia mji wa Waterdeep, nikasema unatawaliwa na Laeral Silverhand. Akaweka kalamu chini: "Mtawala ni Piergeiron, si huyo." Akatoa simu kutafuta ushahidi, tukabishana hadi chai ikapoa na wenzetu wakaanza kutazama mechi kwenye simu zao.

Lililonifanya nikuandikie ni jingine. Tumepata mchezaji mpya, binti aliyekulia Lamu ambaye sasa anafanya kazi hapa jijini. Alikuja na mhusika mpiga upinde aliyemjenga kutokana na Fumo Liyongo, kama alivyosimuliwa na bibi yake: pandikizi la mtu, mshairi, asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba akichomwa nayo kitovuni. Karatasi ya mhusika alikuwa ameijaza kwa mwandiko mzuri, hata upinde ameuchora pembeni. Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu akasema, "Hiyo si kanoni, haimo katika yaliyo rasmi. Faerûn hakuna Pate wala Liyongo. Mkitaka upuzi wa kujitungia, anzisheni mchezo wenu." Yule binti akaikunja ile karatasi, akakaa kimya hadi mwisho, na tangu hapo hajarudi. Kwenye kundi letu la WhatsApp anasema ana kazi nyingi.

Kinachonichoma ni kwamba huyo huyo rafiki yangu anaigiza kasisi wa mungu aliyemtoa kwenye kitabu cha miaka ya 1990, na mungu huyo hayumo kabisa katika vitabu tunavyotumia. Nilimkubalia bila swali.

Shangazi, je, rafiki yangu ana haki? Ni kosa kuingiza mezani mambo yasiyo rasmi? Kama si kosa, mpaka tuuweke wapi? Maana sitaki kila mtu aje na lake, mchezo uwe fujo. Na huyu rafiki, nimwambie aache kuja?

Mwendesha mchezo, Umoja

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile unaloweza kulitekeleza leo hii: Liyongo aingie. Aingie na upinde wake na mashairi yake, na yule binti umpigie simu wewe mwenyewe umwambie hivyo. Usimwandikie kwenye kundi. Aliambiwa mbele za watu kwamba hadithi ya bibi yake ni upuzi, na wewe mwenye meza hukusema neno. Kimya hicho alikisikia.

Sasa tuje kwenye haki. Rafiki yako hana haki ya kumzuia, na si mimi tu ninayesema hivyo. Mwongozo wa mwendesha mchezo uliotolewa na wenye mchezo mwaka 2014 unaeleza kwamba hata ukitumia dunia iliyochapishwa, kama hiyo Forgotten Realms, kampeni yako, yaani hadithi ndefu mnayoiendeleza kikao hadi kikao, inachezwa katika dunia pacha inayofanana na ile rasmi kama sura na kioo, na dunia hiyo ni yako uibadilishe upendavyo. Kwa hiyo meza yenu ya Umoja ina Waterdeep yake. Mliyoyacheza hapo sebuleni ndiyo yaliyotokea.

Ningeweza kuishia hapo, lakini naona ugomvi wenu umekalia dhana kwamba kuna mahali fulani ukweli wa dunia hii umehifadhiwa, umekamilika, na kazi ya mchezaji ni kuulinda. Dunia hii haikuzaliwa hivyo. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuitungia hadithi akiwa mtoto, miaka ya 1960, wakati mchezo wenyewe haujakuwepo; Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974. Kampuni ya TSR, wenye mchezo wa wakati huo, ilipoichapisha dunia yake mwaka 1987, haikuiacha ilivyokuwa. Chukua visiwa vya Moonshae, vile vyenye misitu na wafalme wa mtindo wa Waselti. Douglas Niles alikuwa ameviandalia dunia nyingine kabisa, vikapachikwa kwenye bahari ya Greenwood, na leo hakuna anayeviita vya kigeni. Kara-Tur ya mashariki ilitoka katika kitabu cha mwaka 1985, ikaunganishwa baadaye. Zakhara, nchi ya majini na majangwa, ikaongezwa mwaka 1992. Kila kimoja kilikuwa nje hadi siku mwenye kalamu aliposema kiingie.

Na wenye kalamu hao hao hubadili mawazo. Mwaka 2008, toleo la nne lilirusha kalenda ya Faerûn mbele karibu miaka mia na kuishushia dunia nzima janga la uchawi. Nchi zikafutika, miungu ikafa. Toleo la tano, mwaka 2014, likarudisha mengi yaliyokuwa yameondolewa. Halafu mwaka 2021 Jeremy Crawford, wakati huo mmoja wa wakuu wa usanifu wa mchezo huo katika kampuni ya Wizards of the Coast, akaeleza kwamba kwa upande wa mchezo wa mezani hawahesabu kuwa rasmi kitu ambacho hakijatokea katika vitabu vya mchezo vya toleo la tano. Riwaya, michezo ya kompyuta, vitabu vya matoleo ya zamani, vyote vikawekwa kando. Unaona hilo linamwacha wapi rafiki yako. Riwaya zake zote na mungu wa kasisi wake wana hadhi ile ile ya Liyongo: wote wametoka nje.

Si mchezo huu peke yake. Timothy Zahn alipokuwa akiandika riwaya yake ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1991, alipewa vitabu vya mchezo wa mezani wa West End Games vimwongoze, kwa hiyo mambo yaliyotungwa kwa ajili ya watupa dadu yakaingia riwayani. Mwaka 2014 riwaya za namna hiyo zikatolewa zote kwenye historia rasmi. Miaka miwili baadaye Thrawn, adui mkuu wa riwaya hiyo, akarudishwa ndani kupitia katuni. Mpenzi wa Thrawn aliyeendelea kumtumia mezani kwake katika miaka hiyo miwili alikuwa na kosa gani?

Hata ule ubishi wa Waterdeep mngeumaliza chai ikiwa bado ya moto. Piergeiron ni mtawala wa vitabu vya zamani. Laeral ndiye wa vitabu vya toleo la tano, na kati yao, kwa kalenda ya dunia ile, imepita kama karne nzima. Nyote wawili mlikuwa sahihi, kila mmoja kwa mwaka wake. Swali la kuulizana mezani lilikuwa moja tu: kampeni yetu iko mwaka gani? Ndiyo sababu nakwambia ukitumia wiki ya mashabiki utazame marejeo ya chini ya kila aya, ujue habari imetoka kitabu cha mwaka gani. Wiki hukusanya maandishi ya miaka zaidi ya 30 katika ukurasa mmoja.

Lakini nakusihi, habari hii ya 2021 usiifanye silaha. Kumthibitishia mtu mbele ya wenzake kwamba anachokipenda hakina uhalali ndilo kosa alilolitenda yeye. Ukilirudia, utakuwa na wachezaji wawili waliokunja karatasi zao. Tena anachokijua ni mali. Vitabu vya toleo la tano kwa miaka mingi vilishughulika zaidi na ile pwani ya magharibi. Sehemu nyingine nyingi za Faerûn ziliguswa kwa aya chache, na anayetaka kujua watu wa huko waliogopa nini na walisali kwa nani hurudi kwenye vitabu vya zamani. Wewe unaye mtu aliyevisoma, na anakaa nawe meza moja kila wiki.

Greenwood mwenyewe aliacha njia nzuri ya kutumia maarifa ya namna hiyo. Miongozo yake ya miji, iliyoanza kutoka mwaka 1992, imeandikwa kwa sauti ya msafiri aitwaye Volo, mtu wa maneno mengi anayependa kutia chumvi, na mchawi mzee Elminster humsahihisha pembeni. Kitabu chenyewe hakidai kuwa ukweli. Ni maneno ya Volo, na Volo hukosea. Fanya hivyo hivyo. Rafiki yako akileta jambo la kitabu cha zamani, lisiingie kama sahihisho kwako. Liingie kama neno linalosemwa na watu wa ndani ya dunia ile. Mzee mmoja sokoni Waterdeep asimulie enzi za Piergeiron kana kwamba aliziona, na mjukuu wake amkatize kwamba hayo ni ya babu wa babu yake. Ukuta wa hekalu lililobomoka uwe na jina la mungu ambaye makasisi wa leo hawamtambui. Hapo kasisi wa rafiki yako anapata kazi kubwa: anamtumikia mungu aliyesahaulika, katika mji unaomwona mwendawazimu. Mchezaji mwenye mapenzi na mambo ya kale atalishika hilo kwa mikono miwili.

Mtafute pia katikati ya wiki. Mwambie, "Wahusika wanaelekea kaskazini, una nini kuhusu huko?" Atakutumia mengi, wewe chagua mawili matatu. Mezani, simu za kutafuta ushahidi ziwekwe mbali. Ukishatamka, mchezo uendelee. Mwenye hoja aiandike pembeni mkaizungumze baada ya kikao.

Nisieleweke kwamba kanoni haina kazi. Ina kazi kubwa pale wasiojuana wanapocheza pamoja. World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni, ina seva zilizotengwa kwa ajili ya wanaoigiza wahusika. Mtu wa Nairobi anaweza kukutana na mtu wa bara jingine katika kilabu cha pombe mjini Stormwind, na kama hawana msingi mmoja wa nani ni mfalme na vita gani vimepita, hawataelewana hata kidogo. Huko ndiko swali hili huwaka hasa, kwa kuwa Warcraft ilikuwa na vitabu vyake vya mchezo wa mezani vilivyoanza kuchapishwa mwaka 2003, vyenye maelezo mengi ya miji na mila ambayo hayamo kwenye kompyuta, na baadaye kampuni ya Blizzard ikasema visihesabiwe kuwa historia rasmi. Wapo wanaovitumia hadi leo kujaza mapengo, mradi visigongane na kilichomo mchezoni. Utaratibu huo unafaa kwa umati. Ninyi mnatosha kwenye sebule moja, na mnaweza kuulizana.

Sasa Liyongo, ambaye nimekuwa nikimngojea tangu nilipoifungua barua yako.

Hata yeye hana toleo moja rasmi. Edward Steere alichapisha masimulizi yake ya nathari mwaka 1870 kama alivyoyapata Zanzibar. Muhammad Kijumwa wa Lamu akaandika utendi wake mwaka 1913. Wapokomo wa Mto Tana wana Liyongo wao, na bibi wa huyo binti ana wake. Yapo yasiyobadilika sana: nguvu zake, ushairi wake, chuki ya mtawala wa Pate, kifungo, sindano ya shaba, mwana aliyemsaliti. Mengine kila msimulizi huyapanga anavyojua na kwa hadhira aliyo nayo. Binti akimleta mezani kwenu Umoja, anafanya ambalo wasimulizi wa Liyongo wamelifanya siku zote.

Ila liko tatizo moja la kimchezo, na hapo rafiki yako angekuwa na hoja nzito kama angeitoa kwa adabu. Mhusika asiyedhuriwa na silaha huua mchezo. Wenzake watakaa nyuma yake, maadui zako wote watakuwa bure, na hakuna atakayeshika pumzi dadu ikivingirika. Kinga hiyo usimpe. Mpe uwezo uliokwisha kupimwa na kuandikwa kitabuni. Watu wa jamii ya Goliath, wale wenye asili ya majitu ya mawe, wakipigwa hutupa dadu ya pande 12, wakajumlisha na nyongeza ya uthabiti wa mwili wao, na jumla hiyo ikapunguzwa kwenye madhara. Kwa kanuni za 2014 hufanya hivyo mara moja kisha lazima wapumzike. Kwa kanuni zilizosahihishwa mwaka 2024 wana mara zaidi. Chukua uwezo huo mzima, futa neno Goliath, andika Liyongo. Mkuki umempata, kila mtu ameona umempata, naye bado amesimama. Hesabu ni ya kitabu na hadithi ni ya Lamu. Rafiki yako hatakuwa na pa kushika.

Sindano ndiyo inayotaka uangalifu. Katika utendi, majeshi hayamwezi Liyongo. Anauawa kwa sababu mwanawe, aliyeahidiwa cheo na binti wa mtawala, anamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua, na baba anamwambia. Hiyo ndiyo hazina ya kupeleka mezani, kuliko ule mwili usiotoboka: siri ambayo mwenyewe tu anaweza kuitoa, kwa mtu anayemwamini. Kaa na yule binti peke yenu, mwandike kwenye kikaratasi ni nini kinaweza kummaliza mhusika wake bila nafasi ya kujiokoa kwa dadu, mkikunje, ukakitunze. Mchezaji mwingine asijue. Yeye ndiye atakayeamua kama kuna mhusika anayestahili kuambiwa, na lini. Nawe umwahidi tangu mwanzo kwamba siri hiyo hutaitumia bila ridhaa yake. Waza wahusika wamepiga kambi, moto unafifia, na Liyongo anamgeukia yule kasisi wa mungu aliyesahaulika kumwambia kinachoweza kumwua. Rafiki yako atakuwa amebeba mkononi uhai wa mhusika aliyemwita upuzi. Mchezo wa kuigiza hauna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mchezaji.

Kile kifungo nacho usikiache. Liyongo akiwa gerezani, mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi walikuwa wakikila chote kilicho kizuri. Basi akatunga wimbo, Saada aupeleke kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau ule mkate wa makapi, ukamfikia. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu, na katika kelele za ngoma na matoazi akakereza minyororo yake bila mtu kusikia. Hicho ni kikao kizima cha Jumamosi, tayari. Wahusika wengine wako nje ya gereza, Liyongo yuko ndani, na njia pekee ya mawasiliano ni wimbo. Mwambie binti aje na beti mbili alizozitunga mwenyewe zilizoficha anachokihitaji, na wenzake wazifumbue hapo hapo mezani. Asiyefumbua amtume Saada na mkate mtupu.

Rafiki yako anasema Faerûn hakuna Pate. Basi iwepo. Wala usiwe na haraka ya kumpeleka huyo binti Chult, ile rasi ya kusini-magharibi ambayo watunzi waliijenga kwa vipande vya Afrika kama walivyoiwazia wao. Chult ni msitu mnene na mijusi mikubwa ya kale. Hata kitabu cha 2017 kilichoipa mji mkubwa wa bandari, Port Nyanzaru, kilitembeza dinosauri katika barabara zake. Mtu wa Lamu ametoka kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na majahazi yanayongojea kaskazi ivume. Jambo hili nalishikilia kwa nguvu zote, kwa sababu nimeona mara nyingi Mwafrika akikaribishwa katika dunia za njozi kwa sharti la kuishi msituni. Ramani ya Faerûn ina pwani ndefu na njia nyingi za biashara ya baharini. Mpe ramani, mpe penseli, aweke kisiwa chake panapomfaa na akipe jina.

Umeniuliza kuhusu mpaka. Wangu ni huu, na uwe mmoja kwa riwaya za rafiki yako, kwa mungu wa kasisi, kwa Liyongo na kwa kile atakachokuja nacho mwingine. Kitu cha nje kije kwako kabla ya kikao, si katikati ya mapigano. Kisifute yaliyokwisha kuchezwa: kama wahusika wamemwona Laeral kwa macho yao, hakuna riwaya ya kumwondoa kitini. Nguvu zake zipimwe kwa uwezo uliopo kitabuni, kama tulivyofanya kwa Goliath. Na pasiwe na mtu mezani anayeumizwa nacho. Hili la mwisho watu hulipita mbio, lakini hadithi za kwetu zina wenyewe walio hai. Mmoja wenu akitaka kumleta Luanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli chake, na kuna Mnandi mezani, kumbukeni kwamba katika masimulizi hayo maadui ni watu wa kwao. Ulizaneni kwanza. Kwa Liyongo vivyo hivyo, yule binti ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kipi kichezewe na kipi kisiguswe.

Kuhusu rafiki yako, usimfukuze sasa. Mtoe mkanywe chai mahali, ninyi wawili tu, kabla ya kikao kijacho. Mwambie wazi kwamba maarifa yake unayataka na umekwisha kumwekea nafasi, mweleze ile ya mungu aliyesahaulika, halafu umwambie bila kuzunguka kwamba neno upuzi lilimwondoa mtu mezani na ni lake yeye kumwomba radhi mwenyewe, kwa sauti yake. Usilibebe kwa niaba yake. Na kasisi wake apite katika mpaka ule ule, ajieleze kwako kama binti atakavyojieleza, ili aone kwamba hakuna mlango wake na mlango wa wengine.

Wengi wa namna yake hubadilika wakishapewa kazi, maana kinachowasukuma ni mapenzi makubwa yaliyokosa mahali pa kwenda. Lakini akikataa kuomba radhi, au akaomba kisha akamkatiza yule binti tena kwa jambo lile lile, mwombe asije tena Jumamosi. Urafiki wenu wa shule mtauendeleza siku nyingine za wiki, na kiti chake atakipata mwingine anayetaka kucheza.